Maswali ya walezi: chakula chini ya godoro, shuka iliyolowa na mlezi aliyechoka

Swali: Nimekabidhiwa mtoto wa miaka 7 na Ustawi wa Jamii, ametokea makao ya watoto. Huu ni mwezi wa tatu. Anakula vizuri, lakini kila nikitandika nakuta vipande vya chapati na maandazi ndani ya soksi chini ya godoro. Panya wameanza kuja. Nimemsema, nimemnyima vitafunwa, bado anaficha. Huu si wizi? *Mlezi, Tabata*

Jibu: Si wizi, mama. Mtoto aliyewahi kulala na njaa asijue kesho atakula nini hujiwekea akiba, na hofu hiyo haiondoki kwa sababu tu siku hizi sufuria imejaa. Ukimnyima vitafunwa unamhakikishia kuwa hata chakula cha hapa kinaweza kukatika. Ndiyo maana hajaacha.

Panga saa za kula zisizoyumba: uji saa 1 asubuhi, kitafunwa saa 4 (siku za shule umfungashie aende nacho), mchana saa 7, kitafunwa saa 10, chakula cha jioni saa 1. Kisha mpe kopo lake mwenyewe lenye mfuniko unaobana, likae anapoliona akiwa kitandani. Weka vitu vikavu, karanga na biskuti, mlijaze pamoja kila jioni. Sharti ni moja tu: chakula kinakaa ndani ya kopo. Ukikuta kingine chini ya godoro, kitoe bila hotuba, umkumbushe kopo liko wapi.

Siku za mwanzo litaamka tupu kila asubuhi. Lijaze. Walezi wengi hukwama hapa: mtoto amefanya kosa shuleni, kopo linafichwa kama adhabu, na kazi yote inaanza upya. Mwadhibu kwa njia nyingine, lakini chakula kisiguswe. Akila mpaka kutapika, au akilalamika tumbo mara kwa mara, mpeleke kituo cha afya apimwe minyoo na wingi wa damu.

Swali: Mtoto ninayemlea ana miaka 8. Alikuwa ameacha kukojoa kitandani karibu mwaka mzima. Tangu mama yake mzazi aanze kuja kumwona, usiku wa siku hiyo analowanisha, na kesho yake anavunja vitu. Nimwombe afisa asimamishe ziara? *Mlezi, Mbagala*

Jibu: Usianzie huko. Anzia hospitali. Mtoto aliyekaa mkavu miezi 6 au zaidi kisha akarudia kukojoa apimwe mkojo kuangalia maambukizi na sukari, na aulizwe kuhusu choo kigumu, kwa kuwa utumbo uliojaa hukibana kibofu. Kama kuna maumivu au damu sehemu za siri, au anamwogopa mtu fulani, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto isiyo na malipo. Usimhoji mwenyewe mara kumi. Andika alichosema kwa maneno yake, basi.

Vipimo vikiwa safi, anywe maji ya kutosha mchana, apunguze saa moja au mbili kabla ya kulala, na jioni asipewe chai ya majani wala soda. Aende chooni kabla ya kupanda kitandani. Funika godoro kwa plastiki. Kwenye nyumba za kupanga, ua mmoja familia sita, godoro linaloanikwa kila asubuhi ni tangazo.

Sasa ziara. Mtoto anampenda mama yake, na anaogopa ukiliona hilo utachukia. Vurugu ya kesho yake mara nyingi inatoka hapo, haina maana kwamba ziara ni mbaya. Tia alama siku ya ziara kwenye kalenda anayoiona. Omba iwe mahali palepale, saa ileile. Jioni hiyo kusiwe na wageni wala tuisheni. Akirudi, usimuulize mama kasema nini. Mwambie tu: "Unaweza kumpenda mama na ukakaa hapa vilevile." Mama asipotokea, usimtetee wala usimlaumu: "Hajafika. Sijui sababu. Tutamuuliza afisa."

Weka daftari: tarehe, kilichotangulia, alichofanya, kilichukua muda gani, nini kilimtuliza. Ukurasa huo unamsaidia Afisa Ustawi wa Jamii kuliko neno "msumbufu". Daftari likionyesha vitisho au kipigo wakati wa ziara, hapo una sababu ya kuomba zisimamiwe au zisitishwe.

Swali: Nimechoka. Juzi nilimwambia mtoto, "Nitakurudisha." Tangu hapo haongei nami. Nianzie wapi? *Baba mlezi, Kigamboni*

Jibu: Rudi kwake, umwambie ulikosea kusema vile. Lakini usiahidi kwamba hataondoka kamwe. Chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009 malezi ya kambo, yaani haya ya kukabidhiwa mtoto, yako chini ya usimamizi wa ustawi wa jamii, na uamuzi si wako peke yako. Ahidi unachokiweza: "Leo unalala hapa. Kukitokea mabadiliko, nitakwambia mimi, mapema."

Kisha mwone afisa ustawi wa manispaa yako, au ustawi wa jamii katika hospitali za rufaa za mkoa: Amana, Temeke au Mwananyamala. Omba ushauri nasaha wenu wawili, usikubali mtoto apelekwe peke yake kama redio mbovu kwa fundi. Utafiti uliofanyika Moshi na Bungoma, Kenya, mjini na kijijini kila upande, kwa watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, uliwapa baadhi yao vikao 12 vya ushauri nasaha vya kila wiki, na walezi walihudhuria pia. Walioongoza walikuwa washauri wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Mwisho wa vikao, nafuu ya dalili za kiwewe kubwa kuliko ya wenzao wasiopata vikao hivyo ilionekana katika maeneo matatu kati ya hayo manne. Kwa hiyo usikate tamaa ukiambiwa mwanasaikolojia hayupo.

Mpange pia ndugu mmoja anayefahamika kwa afisa, akae na mtoto nusu siku kila wiki, nyumbani kwako, ili wewe upumue na yeye asihamishwe.

Mtoto akizungumzia kufa au kujiumiza, usisubiri miadi. Ondoa dawa, kamba na sumu ya panya, asiachwe peke yake, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo.