Nywele zenye dawa msimu wa baridi: tatizo ni ukavu, msuguano na haraka

Swali la wiki hii: kwa nini nywele zilizotiwa dawa hukatika zaidi miezi ya baridi, na mtu azitunze vipi? Najibu kutoka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, ambako Juni na Julai usiku hushuka hadi nyuzijoto 10 hivi, na sweta ni nguo ya kila siku.

Baridi peke yake haikati nywele. Zinakatwa na hewa kavu, nguo nzito zinazosugua, na haraka ya kumaliza kazi ya maji. Nywele zenye dawa ndizo huumia kwanza kwa sababu dawa huzinyoosha kwa kuvunja viunganishi vya salfa vilivyokuwa vikizipa mviringo na sehemu kubwa ya nguvu zake. Magamba ya nje nayo hubaki yameinuka, kwa hiyo maji huingia upesi na kutoka upesi. Wakati wa mvua za Aprili hasara hiyo haionekani sana. Kiangazi cha Julai kikikutana na baridi, inabaki kwenye kitana kila asubuhi.

Wengi hukimbilia mafuta mgando. Mafuta hayana maji ndani yake. Yakipakwa juu ya unywele mkavu, unywele unabaki mkavu vilevile, ila sasa unang'aa na kushika vumbi. Anza na maji. Osha kila baada ya siku 7 hadi 10, kwa maji ya vuguvugu, si yale ya moto ya kuogea. Nusu saa kabla ya kuosha, paka mafuta ya nazi, vijiko 2 vya chakula kwa nywele zinazofika mabegani, zaidi kwenye nusu ya chini ambayo ni kongwe. Mafuta haya huingia ndani ya unywele na kuuzuia usivimbe mno ukilowa. Huku kwetu yatakuwa yameganda meupe kwenye chupa: itie chupa ndani ya kikombe cha maji ya moto, usiiweke kwenye sigiri.

Shampuu ipake kwenye ngozi ya kichwa tu, povu lenyewe litashuka hadi kwenye ncha. Kisha kondishna kwa dakika 15 chini ya kofia ya plastiki na taulo lililopashwa joto, uchambue kwa kitana cha meno mapana kuanzia nchani kwenda juu. Suuza ya mwisho kwa maji baridi kama barafu haifungi magamba, hata ukiambiwa hivyo kila saluni. Kinachoyalaza ni asidi kidogo iliyomo kwenye kondishna. Msijitese.

Nywele zikiwa bado na unyevu, gawanya kichwa mafungu manne, paka kondishna ya kubaki kichwani, halafu siagi ya shea kiasi cha punje ya maharage kwa kila fungu. Ile ya Lango na Acholi, kaskazini mwa Uganda, iitwayo moo yaa, ni laini kiasili na hutandaa kirahisi hata kwenye baridi. Soma pia maandishi ya chupa: gliserini ikiwa miongoni mwa vitu vitatu vya kwanza, iweke kando hadi mvua zirudi, maana hewa ikiwa kavu gliserini huweza kuyavuta maji kutoka ndani ya unywele.

Ukitaka kujua nywele zinadai nini, vuta unywele mmoja uliolowa. Ukirefuka bila kurudi, unahitaji tiba ya protini, mara moja kwa wiki 4 hadi 6. Ukikatika papo hapo na mguso wake ni mkavu, unahitaji unyevu, na protini zaidi itaukakamaza tu. Yai bichi halisaidii. Protini yake ni kubwa mno, haiingii.

Sasa angalia kisogo. Hapo kola ya sweta ya sufi husugua kila ukigeuza shingo, na nywele hukatika katikati zikaacha vishungi vifupi ambavyo watu hudhani ni nywele mpya. Nywele mpya huwa na ncha nyembamba na mzizi uliojikunja. Iliyokatika huwa na ncha butu. Shonea kola na kofia bitana ya satini, na ukipanda bodaboda, funga kitambaa cha satini kabla ya helmeti.

Kukausha: rola na draya ya kukalia, joto la wastani, ni salama kuliko kupiga blo. Pasi ya nywele isiguse unywele wenye maji kamwe. Maji hayo huwa mvuke ndani yake, yakaacha mapovu, na pale penye povu ndipo patakapokatika.

Ritachi, yaani kutia dawa nywele mpya zilizoota, ndiyo inayoharibu zaidi msimu huu, na mara nyingi kosa halitoki kwenye dawa bali kwenye sinki. Maji ya saluni ni baridi, mteja anatetemeka, msusi anafupisha kusuuza. Alkali, yaani kemikali kali ya dawa, inabaki, inaendelea kula unywele, na wiki mbili baadaye lawama inaenda kwa hali ya hewa. Daini maji ya vuguvugu. Dawa isuuzwe hadi isibaki hata utelezi, kisha shampuu ya kuzimua dawa mara tatu. Kama ni ile inayobadili rangi, povu la pinki maana yake dawa bado ipo. Kweli, dawa hufanya kazi polepole kwenye baridi, lakini usizidishe dakika zilizoandikwa, wala usimkalishe mteja karibu na sigiri: upande mmoja utaungua mwingine ukiwa haujalainika. Kati ya ritachi moja na nyingine subiri wiki 10 hadi 12. Nywele huota karibu sentimita 1.25 kwa mwezi, na ukiwahi, dawa itapanda juu ya nywele za zamani. Hizo zikinge kwa mafuta mgando kabla ya kuanza.

Anayesafiri kwenda Uingereza mwezi wa Januari afuate haya haya, kwa sababu vipasha joto vya ndani hukausha hewa kuliko Julai yetu. Ritachi aifanye wiki mbili au tatu kabla ya safari, ili kama kuna mahali palipoungua papone akiwa bado nyumbani.