Kabla Hujaiamini Rekodi ya Timu ya Chuo

Kila Agosti, kazini kwetu hapa Texas huwa tunashindana kutabiri timu za vyuo zitakazong'ara kwenye futiboli ya Kimarekani. Aliyebashiri vizuri hununuliwa chakula cha mchana na wenzake. Wao wamezaliwa na mchezo huu, mimi nimeujulia ukubwani, na bado nakula vizuri tu. Ninachofanya ni hiki: siulizi timu ilishinda mechi ngapi mwaka uliopita. Nauliza ilishindaje.

Msimu wa kawaida wa vyuo una mechi 12 tu. Ligi Kuu ya Uingereza ina 38, kwa hiyo timu iliyobebwa na bahati mwezi mzima ina muda wa kuumbuka. Huku muda huo haupo. Tunasema mpira unadunda, na huu wa kwao wala si wa duara. Ukimponyoka mchezaji, hakuna kocha anayejua utarukia wapi. Kumfanya mpinzani auachie ni ustadi. Lakini nani ataudaka ukiwa chini, hapo ni kama kurusha shilingi.

Angalia TCU, timu ya Chuo Kikuu cha Texas Christian cha Fort Worth, mwaka 2022. Ilimaliza mechi zake 12 bila kupoteza hata moja. Lakini waliwafunga Texas kwa pointi 7 tu, Kansas kwa 7, Oklahoma State kwa 3 baada ya muda wa nyongeza, Baylor kwa 1. Hata Max Duggan, mrushaji wao (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) aliyeibuka wa pili katika kura za Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, alianza msimu akiwa benchi. Mwenzake aliumia kwenye mechi ya kwanza, naye akapata nafasi. Fainali ya taifa wakakutana na Georgia, wakachapwa 65 kwa 7. Mwaka uliofuata, Duggan na nyota wengine wakiwa wameshaondoka, walishinda mechi 5 na kupoteza 7.

Ukisoma hapo utasema basi, ilikuwa ngekewa tupu. Taratibu. Ile mechi ya Baylor waliishinda kwa teke la yadi 40 lililopita kati ya milingoti saa ikiwa inakata, kikosi cha mateke kikikimbilia uwanjani kwa sababu hawakuwa na haki ya kusimamisha mchezo. Mashabiki wa Baylor waliita bahati. Mimi sikubali. Watu 11 hawajipangi kwa sekunde chache, kila mtu mahali pake, kama hawajalifanyia mazoezi. Bahati ilikuwa kufika hapo mara nyingi hivyo na kutoka salama karibu kila mara.

Kwa hiyo kabla ya kutabiri, hesabu mechi zilizoamuliwa kwa pointi 8 au pungufu, maana pointi 8 zinaweza kurudishwa kwa shambulizi moja. Timu iliyoshinda karibu zote za namna hiyo, ishushe kidogo. Kisha angalia wastani wa yadi za kusonga mbele kwa kila shambulizi, zao na za wapinzani. Hizo hazidanganyi kirahisi. Na angalia mrushaji anabaki au anaondoka. Majina makubwa ya vyuo usiyajali sana.

Kanuni ya kinyume chake ndiyo yenye mtego. Nebraska mwaka 2021 walipoteza mechi 9 kati ya 12, zote kwa pointi 9 au pungufu, huku jumla ya pointi walizofunga ikizidi walizofungwa. Kwa hesabu, timu kama hiyo hupanda mwaka unaofuata. Wao walishinda 4 tu, na kocha Scott Frost alifukuzwa Septemba 2022, baada ya mechi tatu. Dalili zilikuwepo. Dhidi ya Michigan State walikuwa wakiongoza dakika za mwisho, wakaupiga mpira kuuondoa, ukarudishwa moja kwa moja hadi eneo lao la mwisho, na muda wa nyongeza wakapoteza. Mateke yaliwagharimu zaidi ya mara moja msimu ule. Timu inayopoteza kwa kidogo naitetea kama kila kipigo kina sababu yake tofauti. Sababu ikiwa ileile kila wiki, siiweki kwenye orodha yangu.