Njia ya Kukimbilia

Mhariri, wiki hii mmeuliza: “Kutafakari Neno kila siku kumekusaidiaje kumfanya Mungu kimbilio lako?” Mimi nauza maandazi, kwa hiyo mnisamehe nikianzia jikoni.

Naamka saa kumi alfajiri. Huku Mbeya, Juni na Julai unga hauumuki upesi, lazima uuwahi. Mikono ikiwa kwenye beseni siwezi kufunua Biblia, basi jioni yake huchagua mstari mmoja tu, na alfajiri naurudiarudia kwa sauti ya chini mpaka donge lilainike. Zamani niliona huo ni uvivu, nikiwaonea wivu wanaosoma sura tatu, daftari pembeni. Siku moja mchungaji akatufundisha kwamba neno la Kiebrania lililotafsiriwa “huitafakari” katika Zaburi ya 1, Isaya analitumia kwa simba angurumaye juu ya windo lake, na tena kwa mlio wa hua. Kumbe kutafakari kuna kazi ya koo na midomo. Nilirudi nyumbani nikitabasamu njia nzima.

Sasa hilo kimbilio. Mstari ulionigeuza uko Kumbukumbu la Torati 19. Waisraeli waliagizwa kutenga miji ya makimbilio, na yote ilipotimia ikawa sita, kwa ajili ya mtu aliyeua bila kukusudia. Mfano unaotolewa ni wa watu kama sisi: wawili wameingia msituni kukata miti, kichwa cha shoka kinachomoka kwenye mpini, kinampata mmoja, anakufa. Mwenzake anatoka mbio, na nyuma yake yuko ndugu wa marehemu, moyo unamwaka. Ila kabla hata shoka halijatajwa, aya ya 3, watu wameshaambiwa waitengeneze njia. Niliisoma sura hiyo miaka mingi bila kuiona njia. Mji unaweza kuwepo, lakini njia ikiota majani, mkimbiaji atakamatwa porini.

Mwaka juzi nilikaa usiku kwenye benchi nje ya wodi alimolazwa mdogo wangu. Simu imeisha chaji, Biblia imebaki nyumbani. Nilitaka kuomba, maneno yakakataa. Kilichotoka ni mstari wa unga wa wiki ile: “Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu.” Ulitoka kwa mwendo ule ule wa jikoni, hata nikashtuka viganja vyangu vinakanda kitenge mapajani. Mama mmoja pembeni, dhehebu lake silijui mpaka leo, akaumalizia: “Msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso.” Tukaendelea hivyo, yeye nusu yake na mimi yangu, mpaka kukapambazuka.

Mdogo wangu alifariki kesho yake.

Nalisema hili kwa sababu wapo wanaobandika Zaburi ya 91 mlangoni kama kufuli. Wakumbuke aliyeinukuu juu ya kinara cha hekalu: ni Ibilisi, akimshawishi Yesu ajitupe chini. Yesu akamjibu kwa Torati, usimjaribu Bwana. Na yule wa shoka, hata akiingia mjini salama, mwenzake hafufuki. Anachopata ni mahali pa kukaa na jambo lililompata bila jambo hilo kummaliza. Mimi nilipata hicho. Sikukipata kwa siku moja, maana niliporudi kwenye beseni baada ya matanga, alfajiri kadhaa nilikanda kimya, mstari sikuutaka. Nilihitaji kulia kwanza.

Wiki hii niko Zaburi ya 62: “Ifunueni mioyo yenu mbele zake.” Nilipanga kuendelea na mstari mwingine tangu Jumanne, lakini hilo neno “ifunueni” bado halijaniachia.

Muuza maandazi, Mbeya