Sahihi ya kupokea mbegu si ushahidi kwamba imepandwa

Ukipewa kazi ya kufuatilia msaada wa kilimo Sudan Kusini, ianze hapa hapa Mombasa, kabla mzigo haujapakiwa kwenye lori. Kontena likikaa siku nyingi kwenye jua la Kilindini, joto na unyevu huua mbegu ndani ya gunia ambalo kwa macho ni zima kabisa. Chota mtama kwenye magunia ya juu, ya kati na ya chini, uchanganye, hesabu punje 100. Zipange kwenye kitambaa kilicholowa, kikunje, kiweke kivulini na usikiache kikauke. Hesabu zilizoota siku ya 4, kisha siku ya 10. Ukiweza, fanya vitambaa vinne vya punje 100 kila kimoja, maana kimoja chaweza kukudanganya. Zikiota chini ya 70 kwa kila 100, usitie sahihi, hata wenye malori wakikuharakisha vipi.

Halafu tarehe. Mzigo hupita Malaba, ukakatiza Uganda hadi Nimule, mpakani mwa Sudan Kusini, na kutoka hapo kuna kilomita 192 za lami hadi Juba. Nje ya lami, mvua ikishika lori linazama topeni. Kule Equatoria, kusini mwa nchi hiyo, mvua za kwanza huanza Machi au Aprili, kwa hiyo andika siku mkulima aliyokabidhiwa mbegu mkononi, si siku iliyoingia ghalani.

Vipimo navyo: wakulima wengi huko huhesabu kwa fedani, yaani mita za mraba 4,200. Usiigeuze kuwa ekari. Kilo 4 za mtama zatosha fedani moja.

Ukikuta mbegu ya msaada inauzwa sokoni, usikimbilie kuandika wizi. Mama mwenye watoto wenye njaa atauza, au atapika. Na hapa ndipo pa kuogopa: mbegu iliyotiwa dawa hupakwa rangi, na kuiosha hakuondoi sumu. Dai chakula kigawiwe siku ile ile ya mbegu, na onyo litolewe kwa lugha ya kijiji.

Baada ya wiki tatu nenda shambani. Usiulize "Ulipokea?", kila mtu atasema ndiyo. Sema, "Nionyeshe ulipopanda." Zungumza na wanawake peke yao, mbali na chifu na mwenye bunduki, na kamera usiielekeze kwenye kizuizi cha askari. Fuata mstari mmoja, kagua mashimo 20 ya kupandia, andika mangapi hayana mche. Kisha fukua yale matupu: ukikuta punje imeoza, tatizo ni mbegu au maji, usipokuta kitu, huenda ni ndege au mchwa, au hapakupandwa.