Kiwiko kwa kujihami: jibu kwa mdau wa Mwanjelwa anayefunga kibanda usiku

Mkuu uliyeuliza, swali lako nimelielewa hivi: unafunga kibanda Mwanjelwa hapa Mbeya saa mbili usiku, unakatiza vichochoro kwenda kuwahi daladala kituo cha Kabwe, umeangalia video za kupiga kwa kiwiko, na unataka kujua kama mtu wa kilo 58 asiyewahi kuingia dojo (ukumbi wa mazoezi ya kupigana) anaweza kukitegemea. Mdau mmoja akakujibu, "mpe kimoja cha paji, analala." Naanza na huyo, maana ushauri wake utakuumiza wewe kwanza.

Paji la uso ni mfupa mnene. Ncha ya kiwiko nayo ni mfupa uliofunikwa na ngozi na kifuko chembamba cha majimaji tu. Ukivigonganisha, yeye huenda akachanika na kuvuja damu huku bado amesimama, na wewe kile kifuko kinajaa kama yai, mkono haukunjiki vizuri kwa siku kadhaa. Wapiganaji wa Muay Thai, ndondi za Thailand zinazoruhusu viwiko, wanalenga juu ya nyusi kwa makusudi: ngozi pale ni nyembamba, inapasuka, damu inaingia jichoni na refa anaweza kumwita daktari asimamishe pambano. Kichochoroni hakuna wa kusimamisha.

Sasa pa kupigia. Kunja mkono wa kulia, weka vidole vitatu vya kushoto chini ya ncha ya kiwiko, upande wa kidole kidogo. Ukingo huo wa mfupa ndio silaha yako. Ncha yenyewe inachana. Ukingo unatikisa, nawe huumii. Upande wa ndani, kati ya ncha na kile kinundu kinachotazama mbavu, unapita ule mshipa wa fahamu unaokufanya uruke ukijigonga mezani. Ukitua na upande huo, kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi na mkono huo huna tena kwa muda.

Umbali ndio unaowashinda wengi kuliko nguvu. Simama mbele ya ukuta, weka kiganja ukutani. Ikiwa mkono umenyooka, uko mbali mno, kiwiko kitapita hewani na mwili utakifuata. Sogea mpaka mkono ukunjike na kifua kibaki na kama shibiri mbili kufika ukutani. Hapo ndipo kinafanya kazi. Ni umbali wa abiria wa Hiace iliyojaa, na ndiyo maana mtu akikushika kola au kukubana ukutani anakuwa ameshakuletea kipimo mwenyewe. Akiwa mbali zaidi ya hapo, usimfuate. Umbali huo ni wa kukimbia.

Kuna aina nyingi, lakini wewe jifunze mbili.

Cha kwanza ni cha mlalo. Mguu wa kushoto mbele, wa kulia nyuma, upana wa mabega. Kiganja cha kulia kiwe wazi na kilegee; ngumi iliyokazwa inakaza mkono mzima na kuuchelewesha. Anza na mguu wa nyuma: geuza unyayo kama unaponda mende, kisigino kitoke nje, nyonga ifuate, kisha bega, kiwiko kije mwisho kikiburutwa na hivyo vingine. Dole gumba lipite karibu na mfupa wa mtulinga. Kiwiko kisizidi usawa wa bega, kwa sababu ukikiinua zaidi bega linajibana na nguvu ya nyonga inakatika. Lengo ni pembeni mwa taya. Usisimamie kwenye taya, pitisha kama mlango unaofungwa, kisha kirudi njia ileile. Mkono wa kushoto muda wote uko shavuni kwako, au umeshika mkono wake ulioshika nguo yako. Anayeshusha mkono huu ndiye anayekula ngumi, na wanaoanza karibu wote huushusha.

Cha pili ni cha kupandisha, kwa aliyekuja kichwa mbele. Magoti yakunjike kidogo, kisha nyooka, kiganja kipite sikioni kama unachana nywele kurudi nyuma, kiwiko kipande katikati ya mikono yake mpaka kidevuni. Kosa lake ni kuegemea nyuma ili kiwiko kifike juu. Ukiegemea, visigino vinabeba uzito wote na msukumo mdogo unakulaza chali.

Kile cha kushuka wima kutoka juu kimepewa sifa kubwa kwa sababu ya marufuku. Kwenye MMA, mapigano ya ulingoni yanayochanganya mitindo, kilikatazwa kwa miaka mingi. Mpiganaji Jon Jones aliondolewa kwenye pambano lake na Matt Hamill la 5 Desemba 2009 kwa kukitumia, na kanuni ililegezwa Novemba 2024. Kwako wewe hakina kazi mpaka mwenzio awe ameinama chini yako. Kiache.

Lakini ukiniuliza kiwiko kina faida gani kubwa kwa asiyejua kupigana, nitakwambia ni ngao. Ngumi za mtaani ni za kuzungusha, zinakuja kichwani. Kiganja cha kulia kikamate kisogo chako, kiwiko kitazame mbele, na mkono wa juu ufunike shavu na sikio. Mkono wa kushoto upite mbele ya uso, kiganja kwenye mkunjo wa mkono wa kulia. Kidevu chini, unachungulia juu ya mkono. Kisha ingia ndani, hatua moja fupi, usirudi nyuma. Ngumi yake inakutana na mfupa wa kiwiko, na mifupa ya vidole ni dhaifu kuliko huo. Wengi wanaovunjika mifupa ya kiganja kwenye ugomvi huvunjika kwa kupiga ngumi kwenye kitu kigumu. Ukishaingia, uko tayari kwenye umbali wa kiwiko cha mlalo. Fanya hivi mara 20 kila upande mbele ya kioo kabla ya kufikiria kupiga chochote.

Akikukumbatia kwa nyuma, video nyingi zinaonyesha kiwiko cha chembe ya moyo na mtu anaachia. Ukijaribu Juni au Julai hapa Mbeya, aliye nyuma yako amevaa sweta na jaketi juu yake, na kiwiko chako kinazama kwenye pamba. Isitoshe mikono yako imebanwa. Kwanza shusha makalio kama unakaa kwenye kigoda, sukuma nyonga kulia ili ubavu wake wa kushoto ubaki wazi, ndipo kiwiko cha kushoto kirudi nyuma. Kikipata mbavu za chini, sawa. Mikono yake ikilegea, geuka umtazame na utafute njia. Jaketi linakubana na wewe pia: likiwa zito kwapani, kiwiko hakifiki usawa wa bega. Fungua zipu unapotembea.

Akiwa na kisu au panga, yote haya yafute. Toa simu, toa hela.

Damu nayo usiisahau. Mikoa yetu hii, Njombe, Iringa na Mbeya, ndiyo inaongoza kwa kiwango cha maambukizi ya VVU nchini, na kiwiko huchana ngozi ya wote wawili. Damu yake ikigusa kidonda chako, nenda hospitali usiku huohuo uulize dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Mwisho wa kuzianza ni saa 72 tangu damu ikuguse, na kadiri unavyowahi ndivyo inavyosaidia. Jino likikuchana kiwikoni, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, na usilidharau jeraha hilo, liko jirani na kiungo. Pita polisi uchukue PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa majeruhi. Sheria ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inakuruhusu kujitetea kwa nguvu ya kadiri; mtu akishaanguka, cha pili hakiitwi kujitetea tena. Na mitaro ile ya zege ya kandokando ya barabara unaijua: aliyepigwa taya anaanguka bila kujikinga.

Mazoezi: asubuhi za baridi pasha mwili dakika 12 si 5, zungusha mabega mpaka yatoke jasho. Halafu viwiko 10 kila upande kwa taratibu, mara tatu, siku tatu kwa wiki. Gunia lije wiki ya tatu. Ukifanya na mwenzio, mguse bega, kichwa hapana.

Gunia lenyewe usinunue. Shona turubai, urefu mita moja, kipenyo sentimita 35. Watu hulijaza maranda ya Mafinga, mji wa mbao mkoani Iringa, peke yake kwa kuwa ni rahisi kupata, na baada ya mwezi yanashuka, chini panakuwa jiwe na juu pamelegea. Changanya nusu maranda yaliyokauka, nusu vipande vya mitumba isiyouzika, ukishindilia kila tabaka kwa mti. Toa vifungo na zipu zote. Maranda mabichi yanaota ukungu masika, yaanike kwanza. Lining'inize katikati yake pawe usawa wa kidevu chako. Turubai linachuna ngozi, kwa hiyo kata soksi ndefu upande wa vidole uivae kiwikoni. Kila baada ya wiki mbili ligeuze juu chini.