Kodi ya Kuonyeshwa Isije Ikatekelezwa

Zamani nilikuwa na tovuti ndogo ya kuwafundishia vijana PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti. Somo la kwanza lilihusu fomu. Nikanakili mfano wa kodi (maandishi ya programu), nikaubandika ndani ya tagi (alama za HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti) `<pre><code>`, nikafungua ukurasa: kodi siioni, naona fomu yenyewe, na kitufe kinabonyezeka! Kivinjari kikiona `<` kinajua tagi imeanza. Habari za mfano hakina.

Nikaanza kugeuza alama mwenyewe. `<` nikaifanya `&lt;`, `>` nikaifanya `&gt;`, mwisho ndipo nikaikumbuka `&`. Kinyume kabisa. `&` hutangulia kugeuzwa, iwe `&amp;`, la sivyo inaharibu ulizokwisha geuza na msomaji anaona `&lt;` waziwazi. Usijisumbue: PHP ina `htmlspecialchars`, na lugha nyingine, Python, ina `html.escape`, amri za kufanya kazi hiyo. Kwenye hifadhidata weka kodi ghafi, uigeuze wakati wa kuitoa, mara moja tu.

Rangi nazo nilitaka kuzipaka kwa kanuni zangu za kutafuta na kubadilisha. Kanuni ya kwanza ikazungushia maneno maalumu tagi `<span class="neno">`. Ya pili ikaja, ikakuta neno `class` ndani ya span yangu mwenyewe, ikalipaka rangi nalo. Ukurasa ukawa ukoko. Tangu siku hiyo natumia maktaba zilizokomaa (kodi za kupaka rangi zilizokwisha andikwa na wengine), ila kila moja ina desturi yake. Prism na highlight.js, zikifanya kazi ndani ya kivinjari, hukuta maandishi yako yamekwisha kuwa kwenye ukurasa, hivyo lazima uyageuze kabla. Highlight.js kuanzia toleo la 11 hukuonya kwenye konsoli (sehemu ya kivinjari ya ujumbe kwa waandishi wa programu) ikikuta HTML ghafi ndani ya kodi. Usilipuuze onyo hilo. Pygments, maktaba ya Python, kwa upande wake, ikitoa HTML hugeuza alama yenyewe. Ukiigeuzia mapema, zinageuzwa mara mbili.

Hadi hapo ni aibu tu. Hatari ilianza nilipowaruhusu wanafunzi kutuma kodi zao. Nilikuwa nazionyesha kwa `innerHTML`, inayosoma maandishi kama HTML, nikijifariji kwamba `<script>` ikiingizwa hivyo haitekelezwi. Ni kweli haitekelezwi. Lakini mmoja wao, mtundu kweli, akatuma `<img src=x onerror=alert(1)>`, yaani picha isiyopatikana yenye amri ya kutekelezwa ikikosekana, na kisanduku kikaruka kwenye skrini ya kila aliyefungua. Bahati yangu alitaka kucheka tu. Angeweza kuandika skripti ya kufanya mambo kwa akaunti za wenzake. Kodi ya mtu iwekwe kwa `textContent`, inayoiacha iwe maandishi tu, kisha ndipo maktaba ipake rangi.

Kosa kubwa kuliko yote halikuhusu alama hata kidogo. Nilikuwa na `onyesha.php?faili=somo1.php`, inayopokea jina na kulipeleka moja kwa moja kwa `highlight_file`, amri ya PHP ya kuonyesha faili ikiwa na rangi. Kijana yuleyule akaandika `../config.php`, yaani faili ya mipangilio iliyo folda moja juu. Nenosiri la hifadhidata likatokea mbele ya macho yake, limepakwa nyekundu, rangi ambayo PHP huyapa maandishi yaliyo ndani ya alama za nukuu. Akanipigia simu: “Mwalimu, hili nalo ni somo?”

Nenosiri nikalibadilisha kabla hata ya kukata simu. Sasa `onyesha.php` ina orodha ya majina ya masomo ndani yake, na jina lisilomo linapata 404 (ukurasa haupo).