Mchezaji wa gemu aliyeanza kuzidiwa anaweza kuwa kocha?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina umri wa miaka 27 na ninaishi Mwanjelwa, jijini Mbeya. Kwa miaka mingi nimeshindania zawadi za gemu za mpira katika vibanda vya hapa mjini, na mara nyingine hadi Tunduma. Siku hizi vijana wa miaka 16 wananifunga, lakini haohao huniita niwaeleze walipokosea. Mjomba anataka niachane na gemu nishike kazi yangu ya kutengeneza simu. Je, ukocha wa gemu ni kazi ya kweli? Na waliofanikiwa wamefikaje huko?
Msomaji, Mwanjelwa

JIBU: Marahaba. Ni kazi ya kweli, ingawa mishahara yake bado iko zaidi Ulaya, Asia na Marekani kuliko hapa kwetu.

Mtazame Danny Sørensen wa Denmark, anayejulikana kwa jina la zonic. Alicheza Counter-Strike, gemu ya kulenga shabaha ya timu mbili zinazopambana, tangu enzi za toleo la 1.6, kisha akageukia ukocha, na akiwa na timu ya Astralis alitwaa mataji manne ya Major, yaani mashindano makubwa kabisa ya gemu hiyo, kati ya mwaka 2017 na 2019, katika miji ya Atlanta, London, Katowice na Berlin. La tano alilipata Paris mwaka 2023 akiwa na timu ya Vitality. Kinachonigusa zaidi ni hali ya Astralis kabla ya mataji yale manne. Wachezaji wake walisifika kwa kufika hatua za mwisho na kuishia hapo, kwa sababu kilichopungua hakikuwa shabaha bali utulivu, na ndipo alipoletwa mwanasaikolojia wa michezo, Mia Stellberg kutoka Ufini, kufanya nao kazi. Kocha aliyekuwa mchezaji huijua hofu ile kwa sababu ameionja.

Halafu kuna suala la kusema machache. Mwaka 2016 kampuni ya Valve, inayomiliki Counter-Strike, iliweka kanuni iliyomruhusu kocha kuzungumza na wachezaji wakati wa kupasha moto, wakati wa mapumziko ya kati, na katika mapumziko mafupi manne ya kusimamisha mechi, ya sekunde 30 kila moja. Hebu jipime kwa kipimo hicho: kijana amefungwa mawili, ameibamiza pedi juu ya meza, na mashabiki wamemzunguka wakimzomea. Ukimwambia makosa matano hatashika hata moja. Mwambie moja tu, kwa mfano kwamba beki wake wa kulia anapanda kila mara na kuacha nafasi nyuma yake.

Anza kwa daftari. Mashine nyingi za gemu hurekodi mechi zenyewe, kwa hiyo itazame kila mechi mara mbili, uandike dakika, matokeo yalivyokuwa wakati huo, na uamuzi alioufanya kijana, kisha umuulize alikuwa anaona nini kabla hujamweleza ulichoona wewe. Ninalisisitiza hili kwa sababu wachezaji wazuri wengi hushindwa ukocha hapohapo: hutaka kijana acheze kama wao.

Jambo jingine linatuhusu sana sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Katika mechi ya mtandaoni, kila kitufe kinachobonyezwa Mbeya husafiri hadi kwenye seva ambayo mara nyingi iko nchi nyingine, na mtandao ukilegea pasi huondoka ikiwa imechelewa. Kocha asiyetambua hilo atamlaumu kijana kwa kosa la mtandao. Mazoezi ya mbinu yafanyeni ana kwa ana kwenye mashine moja, na mnapocheza mtandaoni tumieni waya badala ya Wi-Fi kila inapowezekana.

Usidhani pia kwamba ukishakuwa kocha umeaga pedi moja kwa moja. Mfaransa Sébastien Debs, maarufu kama Ceb, alikuwa kocha wa timu ya OG, akarejea kucheza mwaka 2018, na mwaka huohuo timu yake ikatwaa The International, mashindano makuu ya gemu ya Dota 2, ikarudia tena mwaka 2019.

Kuhusu mjomba, msikilize katika nusu ya ushauri wake. Kazi ya simu usiiache, maana ndiyo itakayokulipia umeme na bando wakati unajifunza. Chagua vijana wawili tu kati ya hao wanaokuita, kaeni jioni mbili kwa wiki, na umwalike mjomba aje aketi jioni moja akuone unavyofundisha.